Goti la Baba Mkwe

Mgonjwa alilazwa chumba cha kwanza, daktari akakaa chumba cha pili, na mlango uliokuwa katikati ukatundikwa pazia zito ambalo kliniki nzima ilijua limewekwa kwa ajili gani. Daktari Subilaga alikuwa ameolewa na mtoto wa mgonjwa. Kwa watu wa milima ile, mkamwana hamtazami baba mkwe wake usoni wala hasemi naye, na wakikaribia kukutana njiani, mkamwana ndiye anayejitosa migombani mpaka mzee apite. Mengi yalikuwa yamebadilika Rungwe. Mawingu yalivunwa kwa nyavu, chai ilichumwa na mikono isiyo na mwenyewe, na msitu wa juu ulikuwa umerudishiwa miti yake yote. Hili la wakwe lilibaki. Subilaga, pamoja na kusoma kwake kote, alilishika bila kunung'unika, na kusema kweli alilipenda kidogo, maana lilimpa ruhusa ya kunyamaza.

"Mwambie daktari niko tayari," alisema Mzee Ambakisye kutoka kitandani.

"Daktari anakusikia, mzee," alijibu nesi Ipyana.

"Najua ananisikia. Ndiyo maana nakwambia umwambie."

Ipyana akaja mpaka kwenye pazia, akasema kwa heshima zote kwamba mzee yuko tayari. Subilaga akajibu kwamba naye yuko tayari. Ipyana akarudi hatua zake chache kupeleka habari hiyo, akijibana asicheke.

"Na ile sheria msomee tena," Subilaga alisema.

"Mzee, maumivu tukishayafunga, hayafunguliwi ila kwa kauli ya mwenye goti. Wewe. Si daktari, si mkeo, si mwanao."

"Yafunguliwe ya nini? Nani mwendawazimu atayataka tena?"

"Maumivu nayo yana kazi yake, mzee. Ukiumia mahali, lazima uambiwe."

"Haya. Nimesikia."

Nesi alimtoboa tundu dogo kwenye mkunjo wa paja, tundu ambalo punje ya ulezi ingeliziba, akapitisha mrija mwembamba kuliko uzi wa kushonea. Chumba cha pili Subilaga alivaa visikizi, akalaza viganja juu ya kioo cha kuongozea, akafumba macho. Kazi hii hakuwahi kuifanya macho yakiwa wazi.

Goti linaposagika, lile gegedu laini linalozuia mfupa usikwaruze mfupa huliwa taratibu, mwaka hadi mwaka. Mwili hujaribu kusaidia, kumbe unaharibu. Huotesha vijishipa vipya vya damu kuzunguka goti, na kila kijishipa huja na uzi wake wa fahamu, na nyuzi hizo ndizo zinazomliza mtu akiinuka kitini. Madaktari wa zamani walipeleka punje ndogondogo zikaziba vijishipa hivyo, kazi ikaishia hapo. Punje za Subilaga zilikuwa na uhai kidogo. Kila moja ilikaa kwenye mlango wa kijishipa chake, ikafunga au kufungua kama ilivyoamriwa, na hapo ilipokaa ilisikiliza. Daktari aliweza kulisikia goti la mgonjwa wake popote alipokuwa.

Alizipeleka punje zikielea na damu ya mzee, akipita naye mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kufika. Palikuwa na joto na giza jekundu. Alisikia moyo wa mzee kwa mbali, mzito, usio na haraka. Alikuwa ameishi miaka mingi katika ukoo huu bila kuujua uso wa mzee huyu zaidi ya picha ya harusi, na sasa alikuwa akielea ndani yake, akifunga milango mmoja baada ya mwingine kwa upole, na kila mlango ulipofungwa sauti moja ya kilio ilizimika. Alipofunga wa mwisho, palikuwa kimya mpaka akaogopa kufumbua macho.

"Ala!" alisikia mzee akisema upande wa pili. "Limekwenda wapi?"

"Nini, mzee?"

"Goti. Silisikii."

"Lipo, mzee. Limenyamaza tu."

Hapo Ipyana alisema kweli tupu. Punje hazikuotesha gegedu. Lililolika lilikuwa limelika, na lililobaki lilikuwa jembamba sana. Subilaga alituma agizo kupitia pazia: mzee atembee sehemu tambarare, asipande vilima.

Mzee akasema tena, "Nimesikia."

*

Ukungu wa masika ulishuka ukakaa. Subilaga alizoea kufanya kazi zake akiwa na kisikizi kimoja sikioni, goti la baba mkwe likimwendea pole kama maji ya mfereji. Alijua mzee ameamka. Alijua yuko uani, yuko shambani kwenye migomba, ameinama, ameketi. Mume wake Lusajo alikuwa kazini nchi ya mbali, na nyumba ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja. Zile hatua zilimfanya asijione peke yake. Mara nyingine mchana alisinzia kitini, akaota anatembea nyuma ya mzee ndani ya ukungu, akiona kisigino tu na ncha ya fimbo, na katika ndoto hiyo hakuwa na woga wa kumfikia.

Kisha sauti ikabadilika. Ilikuwa asubuhi, mzee alikuwa anapanda. Alipanda muda mrefu, na ndani ya goti kukawa na mkwaruzo, mfupa kwa mfupa. Aliyekuwa na goti lenyewe hakusikia chochote. Jioni yake akashuka, na kushuka ndiko kubaya zaidi. Kesho yake akapanda tena.

Jambo hili lilikuwa la ukoo, si la kupitishwa kwa nesi, basi Subilaga alikwenda kwa mama mkwe wake, Bibi Tumpe, ambaye aliruhusiwa kusema naye mpaka wachoke.

"Mama, Baba anapanda kilima. Goti litakwisha. Mwambie aache kabisa."

Bibi Tumpe alikwenda kumwambia. Lakini Bibi Tumpe alikuwa mtu wa adabu za zamani, na neno la mkamwana kumkataza mkwe lisingeweza kutoka kinywani mwake likiwa zima. Lilipofika kwa mzee lilikuwa hivi: daktari anakusalimu, anakuombea goti lako afya. Mzee akajibu kwamba amesikia. Bibi akarudi na jibu hilo, akiwa amelipamba kidogo.

"Amesema ahsante sana. Atazingatia."

Subilaga akafurahi. Asubuhi iliyofuata mzee alikuwa kilimani.

Ujumbe ukaenda tena, ukarudi tena umepakwa asali. Kila mmoja kati yao watatu alifanya lililo jema, na goti likaendelea kusagika. Subilaga hakujua mzee anapanda kwenda wapi. Bibi hakuona sababu ya kumweleza, kwani mwanamke aliyeolewa haulizi mkwe wake anakwenda wapi, na asiyeuliza hajibiwi.

Siku ile alipoyafungua maumivu alikuwa dirishani na kikombe cha chai. Mzee alikuwa ameanza mwinuko, na mkwaruzo ulikuwa umekuwa mkali kiasi kwamba Subilaga mwenyewe alijikuta amekunja mguu. Alifikiri: nikimwambia hasikii, na nikitaka kumwambia mwenyewe siruhusiwi. Akafikiri pia: mtoto akikimbilia moto, humwombi ruhusa kumvuta. Hayo yote ni mawazo ya mtu aliyekwisha kuamua. Akaweka kikombe chini, akagusa kile kioo cha kuongozea, ambacho siku hizi alitembea nacho, akafungua milango michache tu, michache sana, ya upande wa ndani wa goti.

Hatua zikasita. Zikajaribu tena, zikasita. Baada ya muda mrefu mzee akageuka, akaanza kushuka polepole akiegemea fimbo.

Subilaga alifunga milango ileile mzee alipofika nyumbani. Alilia kidogo, kisha akajiambia amemwokoa, na huenda ni kweli. Kila asubuhi mzee alipojaribu kilima, alimfungulia. Kila alipokuwa tambarare, alimfungia. Ndani ya muda mfupi mzee aliacha kujaribu, na goti likapoa, likawa linakwenda pole uani na shambani. Ila Subilaga hakuota tena ile ndoto ya kisigino na fimbo. Sasa aliota amesimama peke yake ndani ya ukungu.

*

Bibi Tumpe alikuja na ndizi mbivu, akaketi, hakuzimenya.

"Mwanangu, zile punje zako zimekufa?"

"Kwa nini, Mama?"

"Mzee hali. Anakaa uani anautazama mguu. Jana nimemkuta anaupiga kwa fimbo. Anaupiga, Subi, anauambia: msaliti mkubwa wewe, unanisaliti leo?"

"Alikuwa anakwenda wapi kule juu?"

"Kwa Gwakisa." Bibi alimshangaa kwamba hajui. "Gwakisa, rika lake. Walichunga ng'ombe pamoja, wakajenga pamoja, wakaoa mwaka mmoja. Anaishi kule msituni penye miti iliyorudishwa, pasipoingia chombo cha injini, na amekataa kushuka. Ana ugonjwa wa kunyauka. Walimwambia ulimi utatangulia, mwili utafuata. Basi hawa wazee wakakubaliana wakumbushane maisha yao yote tangu utotoni, zamu kwa zamu, kabla ulimi haujakwisha. Mzee akirudi jioni ananihadithia walipofikia. Walikuwa wamefika mwaka ule wa mafuriko."

"Kwa nini asibebwe? Vijana wangembeba."

"Aende kuzungumza na rika lake amebebwa? Hiyo ni maiti, si mgeni."

"Na simu?"

Kuketi na rika lako, magoti yakikaribiana, mkinyamaza pale panapostahili kunyamaza, ni jambo ambalo watu wale walilithamini kuliko ng'ombe. Subilaga alilijua hilo tangu mtoto. Alikuwa amelisikia goti la mzee siku nyingi likipanda na kushuka, kila jiwe la njia ile amelisikia, na hakusikia lolote.

"Mama," alisema, "punje hazijafa. Ni mimi."

Alimweleza yote. Bibi Tumpe alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika ndizi moja mkononi.

"Hilo sitalipeleka," alisema. "Nimebeba maneno yenu mengi, lakini hilo sitaweza. Nikilifikisha litakuwa jambo dogo, na si dogo. Lipeleke mwenyewe."

*

Mzee Ambakisye alikuwa ameketi nje ya jiko, mguu ameunyoosha mbele yake. Subilaga alikuja kwa nyuma, kupitia migombani, akasimama upande wa pili wa ukuta wa jiko. Aliufunika uso kwa khanga ingawa hapakuwa na wa kumwona. Wagonjwa wake aliwahi kuwaeleza kwamba watakufa, na sauti haikumkatika kama ilivyomkatika pale.

"Baba," alisema.

Kuku tu walisikika.

"Baba, ni mimi, Subilaga. Goti halikukusaliti. Mimi nilikuwa nafungua maumivu kila ulipopanda. Nilisikia mifupa inasagana nikaogopa. Sikuwa na kauli yako."

Kisha Subilaga akasikia fimbo ikigonga ardhi mara moja, kwa nguvu.

"Nimeupiga mguu wangu," mzee alisema. "Nimeutukana matusi ambayo sijawahi kumtukana mbwa. Nililala nikasema, mwili wangu umenikataa, basi nimekwisha. Unajua mtu akijidhania amekwisha anakuwaje?"

"Nisamehe, Baba."

"Ungeniuliza."

"Sikuwa na njia ya kukuuliza."

"Njia si hii uliyoipitia sasa? Umesema na mimi, na hujafa. Mimi pia sijafa." Alipumua. Hasira ilikuwa bado imo, lakini chini yake palikuwa na kitu kingine, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa amekwisha kukililia. "Kwa hiyo mguu ni wangu bado."

"Ni wako."

"Nieleze basi. Usinipambie kama mama yako."

Subilaga akazungumza kama daktari, ingawa kwa ukuta. Akifunga maumivu na mzee akipanda kila siku, gegedu litakwisha kabla ya mvua kwisha. Baada ya hapo mfupa utasaga mfupa mpaka goti ligome kukunja, na hakuna punje wala mrija utakaolirudisha. Angekaa kitini maisha yake yaliyobaki. Akibaki tambarare, goti lingeweza kumfikisha uzee mkubwa.

"Na Gwakisa ataziona siku za mwisho wa mvua?"

"Sijamwona, Baba. Kwa ugonjwa huo, sidhani."

"Basi goti na Gwakisa wanakwisha pamoja. Sioni ugumu."

"Mimi nauona. Niliapa kutowadhuru wagonjwa. Nikilifunga nikakuacha upande, ni mkono wangu unaoliua."

"Uliponifungulia, hukuwa umeapa?"

Mvua nyepesi ilikuwa imeanza, ikigonga majani ya migomba. Subilaga alisimama na kioo mkononi, akijua kwamba lolote atakaloligusa atalibeba. Kulinda goti ilikuwa kazi yake. Lakini goti lilikuwa la mtu, na mtu huyo alikuwa upande wa pili wa ukuta akisubiri kuulizwa.

"Baba, nifunge?"

"Funga."

Akafunga milango yote.

*

Walipanda asubuhi, ukungu ukiwa umejaa kati ya miti. Mzee alitangulia, mkamwana akafuata kwa mbali, mbali kiasi kwamba mzee alikuwa kivuli tu, akipotea na kutokea. Subilaga hakutaka kumsindikiza kwa kisikizi peke yake tena. Njiani hawakusema. Miti iliyopandwa wakati yeye hajazaliwa sasa ilikuwa imefungana juu, ikidondosha maji. Ndege fulani aliita, akaitikiwa. Alisikia goti la mzee sikioni na hatua zilezile zikija kwa hewa, na zile sauti mbili hazikulingana, moja ikiwa tulivu kabisa na nyingine ikisaga, hata akaona kama kuna wazee wawili wanaopanda mbele yake.

Nyumba ya Gwakisa ilikuwa ya mbao, imeota kuvu la kijani mpaka paani. Binti yake, Atuganile, alitoka barazani. Alipomwona mzee alishika kichwa.

"Umechelewa kuja, Baba Mdogo."

"Amekwenda?"

"Hapana, yupo. Anakula, anaona, anacheka hata. Ila ulimi umefunga tangu wiki iliyopita. Alikuwa akikuuliza kila siku. Neno lake la mwisho lilikuwa hilohilo, kama umefika."

Mzee alisimama akiwa ameshika nguzo ya baraza. Subilaga, kule nyuma chini ya mti, alisikia kila neno. Alingoja mzee ageuke amnyooshee kidole. Ilikuwa haki yake. Atuganile naye aliuliza, bila ubaya, ni nini kilichomchelewesha siku zote hizo.

Subilaga akatoka mtini. Aliinamisha uso, akaja mpaka kwenye ngazi ya baraza, jambo ambalo hakuna mkamwana wa ukoo ule aliyewahi kulifanya.

"Ni mimi niliyemzuia, Dada," alisema. "Yeye alitaka kuja kila siku."

Atuganile alimtazama yeye, akamtazama mzee, asielewe. Mzee hakuongeza neno wala kupunguza. Alifuta miguu kwenye gunia la mlangoni, akaingia ndani, na muda si mrefu Subilaga akasikia kiti kikiburutwa karibu na kitanda.

"Gwakisa we," sauti ya mzee ilisema. "Nimekuja. Tulifika mafuriko. Ilikuwa zamu yako kuhadithia, lakini basi, nitaishika mimi, ukiona nadanganya nibane mkono. Unakumbuka ng'ombe wa baba yako aliyepanda juu ya paa la shule?"

Kisha mzee akacheka, "Aa, usinibane hivyo! Haya, wa baba yangu. Alikuwa wa baba yangu."

Subilaga alikaa kwenye ngazi, mgongo ameegemeza mbao. Alilia bila kujificha. Siku alizomzuia mzee zilikuwa zimeondoka na sauti ya mtu, na hakuna aliyeweza kuirudisha. Mbele yake mti mmoja baada ya mwingine ulitokea katika ukungu na kufutika. Ndani, hadithi iliendelea, ya mtu mmoja kwa niaba ya watu wawili, ikisimama mahali ambapo yule mwingine angesema kitu, kisha ikaendelea. Saa zikapita hivyo. Mchana ulianza kugeuka, na njia ya kushuka ilikuwa ndefu. Sikioni mwake goti lilikuwa limevimba kwa kupanda, lilihitaji kunyooshwa, lilihitaji kuanza safari mapema kabla halijakaza. Mwenyewe asingeweza kujua. Kidole cha Subilaga kilikwenda kwenye kioo, kikasimama.

"Baba," aliita kupitia ukuta wa mbao, "goti linaumia na wewe husikii. Nikufungulie kidogo, tuanze kushuka?"

Sauti ya mzee ikakatika. Ndani mle hapakuwa na aliyesema kitu, wala yeye wala rafiki yake, kwa muda mrefu.

"Bado, mwanangu," mzee alisema. "Tunazungumza."